Wino Bila Sindano

Kidole nilikipaka wino mwenyewe. Sikushikwa mkono, sikulazimishwa, wala sikuwa nimelewa. Nilifungua ile kalamu nyeusi ya kampeni, nikanyoosha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, nikakoleza ukucha wote mpaka kwenye nyama, kisha nikakiinua juu watu wakione. Sindano sikuchomwa. Watu mia na kitu waliosimama pale uwanja wa shule ya Okanduvi walikiona kidole, wanawake wakapiga vigelegele, na foleni ikaanza kutembea.

Ilikuwa Julai. Uwele ulikuwa umeshavunwa, baridi ya asubuhi inauma masikio, na ikifika saa nne vumbi linapanda. Sista Loide alikuja na gari la kliniki, muuguzi mwenzake na visanduku viwili vya barafu, akatafuta mtu wa kuandika majina. Mimi ni karani wa shule; mwandiko wangu unasomeka na maneno siazimi kwa mtu. Akaniketisha mezani na daftari na kalamu. Kila aliyechomwa alipita kwangu, nikamwandika, nikampaka wino kidoleni ili ijulikane kwamba amemaliza. Safari hii hawakutaka watoto peke yao. Walimtaka kila mtu, kuanzia miezi tisa mpaka miaka thelathini na tisa, kwa kuwa surua ilikuwa imeanza kuonekana ng'ambo ya mpaka, upande wa Angola, na ilikuwa inawaangusha watu wazima wenye ndevu zao.

Na watu wazima wenye ndevu zao hawapendi kupangwa foleni moja na watoto. Walisimama kando, mikono mifukoni, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.

"Surua ni ugonjwa wa watoto," alisema Kamati, mwenye kilabu cha pombe, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mimi nina miaka thelathini na minane, nina watoto sita na kitambi. Mkishanichoma mtaninyonyesha pia?"

Wakacheka. Nikamwambia maziwa tungempa, ila tunaogopa atayatia maji ayauze, kama anavyoifanyia pombe yake. Wakacheka zaidi, lakini hakuna aliyesogea. Hapo ndipo Kamati alipoitazama mikono yangu.

"Karani," akasema, "mbona kidole chako kisafi? Unatuuzia nyama wewe mwenyewe huili?"

Sista na mwenzake walikuwa garini wanachukua chupa nyingine za dawa. Asubuhi, kabla watu hawajafika, alikuwa ameniuliza, "Na wewe, Kaunapawa?" Nikakunja mkono wa gauni nikamwonyesha kovu langu la begani. Akalitazama, akaligusa kwa kidole gumba. "Hili si la surua. Hili ni la kifua kikuu," akasema. "Chanjo ya surua haiachi kovu. Na hata kama uliwahi kuchomwa, kurudia hakudhuru. Nikuchome sasa hivi?" Nikasema jioni, tukishamaliza. Sikuwa na nia ya jioni hiyo wala ya nyingine.

Kwa hiyo nilikuwa najua. Nalisema mapema, asije mtu akanionea huruma ya bure.

Nilizaliwa katika kambi ya wakimbizi, Kwanza Sul, ndani ya Angola, wakati wa vita vyetu vya kudai uhuru. Mama alivuka mpaka kwa miguu akiwa na mimba yangu, akamwacha kaka yangu Naftali kwa bibi, mtoto ambaye bado hajui kujifunga suruali. Nilipokuwa na miaka minne, daktari mmoja Mkuba alikuja kutuchanja. Mama alinipakata, akanifunika macho kwa kiganja kilichonuka moshi wa kuni, na sindano ilipoingia akaninong'oneza: "Basi. Sasa hakuna ugonjwa utakaokugusa." Haikupita miezi miwili malaria ikamchukua yeye. Sina picha yake, sina hata kipande cha nguo yake. Nina kile kiganja, nina yale maneno, na nina kovu la ukubwa wa punje ya hindi. Mtu akiniambia kovu hilo halitoshi, mimi husikia kwamba mama yangu alinidanganya.

Tuliorudi kutoka uhamishoni tulikuwa na majivuno yetu. Tulirudi tukiwa watoto, hatujui kutwanga, hatujui kukamua, tunazungumza kwa lafudhi ya kambini, na watoto waliobaki nyumbani walituita wageni. Kitu pekee tulichowazidi ni kwamba sisi tulikuwa tumechanjwa. Mpaka leo tukikutana kilabuni, watu wazima na vitambi vyetu, tunakunja mikono ya mashati na kulinganisha makovu. Sisi tulichomwa kila kitu, tunasema, tunagonga chupa. Kati yetu hakuna aliyewahi kuuliza kovu lipi ni la nini.

Basi Kamati aliponiuliza, na foleni nzima ikanigeukia, nilichukua kalamu.

"Haya, huyu hapa karani kachomwa!" akapiga kelele mtu.

"Lini? Mbona sisi hatukuona?" akauliza mwanamke mmoja.

"Asubuhi," nikamjibu, "wewe ukiwa bado umemkumbatia mumeo."

Kicheko kikawamaliza. Wa kwanza kusogea alikuwa wifi yangu Rauna, mke wa Naftali, na mtoto mgongoni. Alichomwa bila kukunja uso, akaja mezani, akanipa kidole. "Somo wako ananuna," akasema, akinionyesha mtoto kwa kidevu. Sista alimtazama mtoto, akauliza miezi. Saba. "Bado mdogo," akasema. "Akifika tisa umlete." Nyuma ya Rauna wakafuata wanawake wengine, kisha wanaume, na mwisho Kamati mwenyewe, akifumba macho na kumshika Sista mkono wa pili.

Yule mtoto alikuwa na jina langu. Kwetu ukipewa somo umepewa mtu. Si jina tu. Ukipita, wanakuita kwa ajili yake. Akilia, wanasema umemkosea. Akianza kutembea anatembea kuja kwako. Mimi sikuzaa. Naftali na mimi tulikuwa tumekua mbalimbali, na kwa miaka mingi alinisalimu kama mtu anayemsalimu mwalimu wa watoto wake. Nilikuwa nimekaa na mama miaka minne ambayo yeye hakukaa naye, na sidhani kama aliwahi kunisamehe kwa hilo. Wanawe wawili wa kiume aliwapa majina ya upande wa mkewe na ya rafiki yake. Binti alipozaliwa alikuja kwangu jioni na kofia mkononi, akasimama mlangoni, akasema, "Ni msichana. Anaitwa Kaunapawa." Kisha akaondoka haraka. Nilikaa chini sakafuni nikalia mpaka kamasi.

Tangu hapo Jumamosi zilikuwa zangu. Rauna ananiletea mtoto asubuhi, anakwenda kwenye kazi zake, anamchukua jua likielekea kushuka. Wiki nzima niliihesabu kwa ajili ya siku hiyo.

Turudi uwanjani. Saa nane hivi alikuja mwanamke kutoka ng'ambo ya mpaka, amechoka, na mtoto wa kama miaka mitatu. Alikuwa anatafuta kadi ya kliniki ndani ya mfuko wake, anatoa nguo, anatoa sufuria, kadi haionekani. Nikamchukua mtoto nikampakata ili mama apate nafasi. Mtoto alikuwa wa moto. Macho yake mekundu, yanatiririka. Alinikoholea usoni mara mbili, nikamfuta pua kwa leso yangu.

Sista alipomwona aliruka. Akamchukua, akamfunua kinywa, akamtazama ndani ya mashavu, akamwita dereva asogeze gari pembeni, mbali na watu.

"Nani alimshika huyu mtoto?"

"Mimi."

"Umeshachomwa?"

Nikainua kidole. Akashusha pumzi. "Mungu mwema," akasema, akakimbilia garini.

Baadaye aliniambia jambo ambalo ningependa kulisahau. Aliniambia kwamba sindano ya saa ile ile, hata ya kesho yake, huenda ingenikinga. Dawa ilikuwa hatua tano kutoka kiti nilichokalia.

Siku kumi zikapita bila kitu. Siku ya kumi na moja niliamka na kichwa kizito, koo linawasha, macho yananiuma kwenye mwanga. Nikasema ni vumbi. Julai nani hana mafua? Ilikuwa Jumamosi. Rauna alikuja mapema, maana siku hiyo walikuwa wanapura uwele kwao na wanawake saba walikuwa wamealikwa kusaidia.

"Mbona macho mekundu, wifi?"

"Moshi," nikasema. "Kuni mbichi."

Ningesema naumwa angeondoka na mtoto. Nilijua hilo kabla sijafungua mdomo. Nikanyoosha mikono, naye akanipa somo wangu pamoja na chupa ya uji. Siku nzima nilikuwa naye kifuani. Nilimtafunia chakula kama anavyotafuniwa mtoto, nikamlaza ubavuni mwangu, nikampulizia tumboni mpaka akacheka kile kicheko chao kisichokuwa na meno. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama ile. Jioni Rauna alimchukua akiwa amelala.

Jumatatu vipele vilitokea nyuma ya masikio. Jumanne vilikuwa vimeshuka mpaka kifuani. Niliwahi kuugua malaria, niliwahi kuugua homa ya matumbo, lakini sikuwahi kuugua vile. Kikohozi kilinibana mbavu, na mwanga wa mlangoni ulinichoma hadi nikajifunika blanketi usoni. Sista Loide alipoletwa alinifunua taratibu, akanitazama ndani ya mashavu kama alivyomtazama yule mtoto. Kisha akaushika mkono wangu wa kushoto. Wino ulikuwa bado upo.

"Haiwezekani," akasema. Akakaa kitandani. "Kaunapawa, wewe ulichomwa na nani? Na mimi au na mwenzangu?"

Pale palikuwa mlango wa kutokea. Nilifumba macho nikajitia nimezidiwa. Akajijibu mwenyewe: kuna watu wachache chanjo huwakosa, hata ikichomwa vizuri, ataandika ripoti. Akakagua namba za chupa kwenye daftari langu, daftari ambalo niliandika jina langu mwenyewe kwenye mstari wa kwanza. Niliona aibu, lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

"Nani amekuwa karibu na wewe siku hizi nne?" akauliza. Nikamtajia wa shuleni. Kisha nikamtaja mtoto, kwa sababu hapo hata woga ulishindwa. Akasimama bila kuniaga.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Msemo huo niliwahi kuwaandikisha watoto wa darasa la nne imla siku mwalimu wao hayupo, na hata siku moja sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuficha maradhi na kifo kikamnyemelea mwingine. Nililala pale kwa siku nane nikimwomba Mungu anichukue mimi. Ilikuwa dua ya kijinga, kwa sababu mimi nilikuwa napona.

Maneno yalitembea haraka kuliko ugonjwa. Sindano ndiyo inayoleta surua. Nani wa kwanza kuchomwa? Karani. Nani wa kwanza kuugua? Karani. Mtu aliyekuwa na shaka alipelekwa kwangu achungulie mlangoni, aone vipele, aone na kidole. Nikiwa nimelala nimegeukia ukuta nilisikia sauti za wanawake uani: "Mwenzangu, kidole si hicho? Cheusi ti." Nilikuwa nimegeuka ushahidi. Sista alipopita nyumba kwa nyumba kutafuta wenye homa, kuna boma walimfungia lango.

Na wenye homa walikuwapo. Wa kwanza alikuwa mke wa Kamati, ambaye siku ya kampeni alikuwa amesafiri. Wakafuata watoto wawili wa shule. Kisha, siku ya kumi na mbili tangu ile Jumamosi, somo wangu.

Rauna alimpeleka hospitali ya wilaya juu ya gari la mtu. Ilikuwa nimonia juu ya surua. Habari nilizipata vipande vipande: ananyonya, hanyonyi, wamemwekea bomba la hewa puani, jicho la kulia halifunguki. Nilikuwa nimeruhusiwa kutoka nje lakini sikwenda. Nilijiambia bado nina kikohozi. Ukweli ni kwamba niliogopa kumwona Rauna akinihurumia.

Baada ya mavuno, ng'ombe hurudishwa kutoka malisho ya mbali kuja kula mabua. Wanaume na wavulana wa Okanduvi, karibu sitini, walikuwa huko na mifugo wakati wa kampeni. Hakuna aliyekuwa amechomwa. Sista alikuwa amepanga tangu mwanzo kwamba wakirudi atakuja tena kwa ajili yao. Walirudi wiki ile mtoto alipolazwa, wengine wakapitiliza moja kwa moja kwenye nyumba zenye wagonjwa. Naftali alirudi Ijumaa na wanawe wawili. Jumamosi alikwenda hospitali. Jumapili alikuja kanisani na vumbi la njia likiwa bado kwenye viatu.

Baada ya ibada mchungaji alimwita Sista mbele. Gari lake lilikuwa nje, masanduku ya barafu yako tayari chini ya ukuta. Alizungumza vizuri, kwa upole, na nikaona watu wakitazama sakafu. Akamaliza. Hakuna aliyeinuka. Kisha akainuka kaka yangu.

"Mimi si mtu wa maneno," alisema Naftali. "Binti yangu ana bomba puani. Mama yake hajalala siku ya tano leo. Dada yangu huyu hapa alichomwa kabla ya watu wote, nimeambiwa mlikiona kidole, na akawa wa kwanza kuugua. Sista, sikulaumu. Wewe umetumwa. Lakini hawa wanangu wawili hutawagusa."

"Kweli kabisa," ilisema sauti ya nyuma. Nyingine ikaitika. Wanaume wa malishoni walianza kuchukua kofia zao.

Wale wavulana wawili walikuwa wameketi benchi la mbele, mmoja ana miaka kumi na minne na mwingine kumi na mmoja, wamenyolewa upya kwa ajili ya kanisa. Shingo zao zilikuwa nyembamba. Walikuwa wamelala usiku mbili tayari katika nyumba ile ile ambamo mtoto aliugua. Nikaanza kuhesabu siku kama karani anavyohesabu, na hesabu haikunipa nafasi ya kungoja wiki nyingine nijikusanye. Nilisimama nikiwa bado sijui nitasema nini.

"Mimi sikuchomwa," nikasema.

Mchungaji akatega sikio. "Unasemaje, mama?"

"Sikuchomwa sindano. Wino nilijipaka mwenyewe. Jina langu daftarini nililiandika mwenyewe. Sindano haikuniletea kitu, kwa sababu haikunigusa. Ugonjwa niliupata kwa yule mtoto wa ng'ambo. Na somo wangu ameupata kwangu. Nilimpokea nikiwa naumwa, nikasema ni moshi."

Bibi Hileni, aliyeketi karibu nami, alinitazama kutoka chini kwenda juu. "Mtoto wa watu," akasema, "ulikuwa unatafuta nini?" Mpaka leo nikipita kwake huwa nahisi swali lile bado linaningoja.

"Mimi nilichomwa kwa ajili ya kidole chako," alisema Kamati. Hakuwa anatania. "Mke wangu ameugua wiki mbili, nalala naye chumba kimoja, sijapata hata chafya."

Ndivyo ilivyokuwa. Watu mia na kitu walikuwa wamekingwa na uongo wangu, na mtoto mmoja, aliyekuwa wangu, alikuwa anahangaika kupumua kwa ajili ya uongo huo huo. Nimejaribu mara nyingi kuyapima mambo hayo mawili na sijawahi kuona mzani wake.

Naftali alikuwa bado amesimama. Hakunisogelea, hakupaza sauti. Aliuliza swali moja.

"Rauna anajua?"

"Hajui."

"Atajua leo."

Akageuka, akakunja mkono wa shati, akatoka nje kwa Sista. "Anza na mimi," nilimsikia akisema. "Mimi nina thelathini na tisa, bado naingia?" Sista akamwambia anaingia. Wanawe wakamfuata, na nyuma yao wanaume wa malishoni, mmoja mmoja, wamekunja mikono. Mezani aliketi shemasi na daftari jipya. Nilikaa ndani ya kanisa peke yangu mpaka gari likaondoka.

Jumatatu nilikwenda hospitali. Rauna alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mtoto mapajani. Bomba lilikuwa limetolewa asubuhi ile. Mtoto alikuwa amekonda, ngozi inambanduka mashavuni, lakini alikuwa anavuta hewa mwenyewe na kifua kinapanda na kushuka bila kelele. Atapona, muuguzi alisema mlangoni, ila jicho la kulia limeharibika. Lilikuwa limeingia ukungu mweupe. Nikataka kupiga magoti.

"Usilie hapa," Rauna akasema. "Ndiyo kwanza amelala."

Nikasimama tu. Yeye hakunitazama.

"Mimi nilichomwa kwa sababu yako," akasema. "Ningeugua na mimi, nani angemshika? Sijui nikushukuru au nikufanyeje. Nimefikiri usiku kucha, sijui."

"Wifi…"

"Ungesema tu Jumamosi ile, 'Wifi, naumwa.' Neno moja. Ningemfunga mgongoni nikapura naye."

"Nilimtaka," nikasema. "Jumamosi ilikuwa yangu."

"Ndiyo," akasema Rauna. "Na mtoto alikuwa wangu."

Juu ya kitanda palikuwa na kadi yenye jina la mgonjwa. Aliitazama, kisha akatazama dirishani. Aliniambia kwamba kila muuguzi akiliita jina lile yeye ananiona mimi nimesimama mlangoni na macho mekundu, nimenyoosha mikono. Hakulisema kwa ukali. Aliniomba niondoke kabla mtoto hajaamka, nikaondoka.

Alibatizwa Oktoba, mvua za kwanza zikinukia. Mchungaji aliuliza jina, na Naftali akajibu kwa sauti iliyofika mpaka benchi la nyuma nilipokaa: "Loide." Sista alikuwa amesimama pembeni yao na kitambaa kichwani, uso ameuinamisha. Sikuwa nimeambiwa. Waumini walisema amina na mimi nikasema amina. Nilifurahi kwamba anaishi, kweli nilifurahi, na nilipofika nyumbani nilifunga mlango nikakaa siku mbili bila kupika.

Yapata miaka sita sasa. Naftali hunisalimu kama zamani za zamani, mkono kifuani, maneno matatu. Kampeni zikija, Sista hunituma niende wa kwanza kuzungumza na wanaume kilabuni, nami nawaeleza habari hii yote, kidole na mtoto na jicho, bila kuruka kitu. Wengine wananicheka. Wengi wanakunja mikono.

Wiki iliyopita nilikuwa uani napepeta uwele nikasikia mtu anabisha langoni. Alikuwa binti wa Rauna, na bakuli tupu. Hajawahi kutumwa kwangu hata siku moja. Alisalimu kama anavyofundishwa mtoto, kwa magoti yaliyopinda kidogo.

"Umeshindaje, mama?"

"Nimeshinda salama. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mama anaomba chumvi. Ya kwetu imeloa."

Nikamjazia bakuli. Alilipokea kwa mikono miwili lakini hakuondoka. Alikuwa ananitazama, uso ameugeuza upande ili jicho zima linifikie.

"Eti zamani nilikuwa na jina lako?"

"Ulikuwa nalo."

"Kwa nini walilitoa?"

Ningeweza kumwambia akamuulize mama yake. Ningeweza kumwambia atajua akikua. Nikaweka ungo chini.

"Nilikuwa naumwa," nikasema, "na sikusema."

Alifikiri. Alilifikiria jambo hilo kwa dhati, kama watoto wanavyofikiria kitu ambacho hakina maana kwao.

"Mimi nikiumwa nasema," akasema.

Nikamwambia aendelee hivyo hivyo. Akaaga, akashika njia ya kwao, amekumbatia bakuli, kichwa amekigeuza kulia kila hatua chache ili aone kilichoko upande ule.